Maisha ya Monsinyori Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy, Mwanzilishi wa Shirika la Utoto Mtakatifu

Katika parokia zetu, tangu nyanda za juu za Karatu hata vijiji vya Sale vilivyo chini ya milima, wako watoto waitwao watoto wa Utoto Mtakatifu. Twawaona wakija mbele ya altare na sadaka zao ndogo: senti chache, yai moja, kikapu cha maharagwe. Wazee wengi hudhani kwamba desturi hii ni mchezo tu, waliopewa watoto ili wasichoke kanisani. Wengine hudhani ya kuwa ililetwa juzi. Basi, tunapowakumbuka wote waliotutangulia katika imani, yafaa tumweleze mtu aliyeianzisha kazi hiyo. Maisha yake yana mafundisho kwa wazazi na kwa walimu. Na tena matunda ya kazi yake yalifika pwani yetu mapema sana, wakati soko la watumwa lilipokuwa bado wazi mjini Unguja.

Ujana wake

Charles de Forbin-Janson alizaliwa mjini Paris, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 3 Novemba 1785. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa wakuu, wenye mali na sifa ya tangu zamani. Lakini alipokuwa na umri wa miaka mitatu yalianza maasi makubwa ya Wafaransa ya mwaka 1789. Wakuu wengi walinyang'anywa mali, wengine wakauawa, na jamaa zake wakakimbilia nchi ya Wadachi. Hivyo mtoto aliyezaliwa katika jumba alikua ugenini, akajua tangu utotoni maana ya kukosa kwao. Atakayesoma habari zake zinazofuata asilisahau jambo hili.

Amani iliporudi, jamaa zake walirudi Ufaransa. Kijana Charles alikuwa na akili na maneno mazuri, hata akaingizwa katika baraza la serikali ya Kaisari Napoleon. Njia ya ukubwa ilikuwa wazi mbele yake. Lakini mwaka 1808 aliiacha, akaingia seminari ya Saint-Sulpice mjini Paris. Huko alipata rafiki, kijana wa ukoo kama wake, jina lake Eugène de Mazenod, ambaye baadaye alianzisha shirika la Waoblati, akawa Askofu wa Marseille, na mwaka 1995 akaandikwa miongoni mwa Watakatifu. Vijana hawa wawili walizungumza mara nyingi habari za nchi za mbali ambazo hazijasikia Injili. Charles hasa alitamani kwenda Uchina. Tamaa hiyo haikumtoka mpaka kufa kwake, na hakuiona nchi hiyo hata siku moja.

Alipewa daraja ya upadre mwaka 1811 huko Chambéry. Miaka mitatu baadaye alikwenda Roma akamweleza Papa Pius VII shauri lake la kwenda Uchina. Baba Mtakatifu, aliyekuwa ametoka katika kifungo cha Napoleon, alilisifu shauri hilo, lakini akamwonyesha kwamba Ufaransa yenyewe imekuwa kama nchi ya wapagani baada ya miaka ya maasi, na kwamba yafaa kuanza na watu wa nyumbani. Padre Charles akatii. Pamoja na Padre Rauzan akaanzisha shirika la Wamisionari wa Ufaransa, wakapita mji hata mji wakihubiri, wakiungamisha, na kusimamisha misalaba mikubwa palipokuwa pamebomolewa makanisa.

Askofu asiye na jimbo

Mwaka 1824 aliwekwa kuwa Askofu wa Nancy na Toul. Alikuwa mchungaji mwenye bidii, naye hakuwa mtu wa kuweka akiba: mali yake aliitoa kwa maskini na kwa kazi za misioni bila kuhesabu. Lakini haifai kuficha mapungufu yake. Alikuwa mtu wa maneno makali, mwepesi wa kuamua na mzito wa kubadili. Aliipenda serikali ya mfalme wa zamani kwa moyo wote, naye aliyasema hayo hadharani, hata watu waliomchukia mfalme wakamchukia askofu pia.

Mwezi wa Julai mwaka 1830 maasi yaliwaka tena, mfalme akafukuzwa. Mjini Nancy watu wenye ghasia waliivamia seminari wakaiharibu, na askofu akalazimika kukaa mbali na mji wake. Serikali mpya haikumruhusu kurudi. Akabaki na jina la Askofu wa Nancy, lakini wengine walilitawala jimbo kwa niaba yake muda wa miaka kumi na minne, mpaka kufa kwake.

Fikiri, msomaji, jinsi hali hiyo ilivyokuwa chungu. Kuwa mchungaji na kukatazwa kuliona kundi lako ni jambo linaloweza kumvunja mtu moyo kabisa. Wengine wangekaa nyumbani wakilalamika. Yeye alijitoa kwa kazi yo yote aliyoweza kupewa mahali po pote.

Safari ya Amerika

Mwaka 1839 alivuka bahari akaenda Amerika ya Kaskazini, kwa idhini ya Papa Gregori XVI. Alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Alihubiri katika miji ya Marekani, na mjini New York aliwakusanya Wakatoliki wenye lugha ya Kifaransa waliokuwa wametawanyika kama kondoo wasio na zizi. Kisha akafika Kanada, na huko umati wa watu ukaja kumsikiliza, hata makanisa hayakutosha. Mwezi wa Oktoba mwaka 1841 alibariki msalaba mkubwa juu ya mlima wa Saint-Hilaire, karibu na Montreal.

Kanada alikuta huzuni nyingine. Miaka michache nyuma watu wa huko walikuwa wameasi juu ya serikali ya Waingereza, wakashindwa. Wengine wakanyongwa, na watu 58 wakapelekwa kifungoni Australia, mwisho wa dunia, na kuacha wake na watoto nyuma. Askofu aliyekuwa mwenyewe amefukuzwa kwake aliona kilio cha nyumba zile kama kilio chake. Alipokwisha kurudi Ulaya alisafiri mpaka London mwaka 1842 kuwaombea wafungwa hao msamaha. Wengi wao wakafunguliwa, wakafika kwao mwanzoni mwa mwaka 1845. Yeye alikuwa amekwisha kufa, wala hakuiona furaha yao.

Wazo la senti moja

Miaka hiyo yote barua za wamisionari wa Uchina zilikuwa zikifika Ufaransa. Zilieleza habari za njaa na ufukara, na jinsi watoto wachanga, hasa wasichana, walivyotupwa na wazazi walioshindwa kuwalisha. Wamisionari waliwaokota waliowaweza, lakini fedha za kuwalipa walezi na kununua chakula hazikuwapo.

Monsinyori de Forbin-Janson alikuwa na karibu miaka sitini, afya yake imeharibika, mali yake imekwisha. Kwenda Uchina hakuweza tena. Ndipo alipokwenda Lyon kuzungumza na bibi mmoja, Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri. Bibi huyu mwaka 1822 alikuwa ameanzisha kazi ya Kueneza Imani, ambayo kila mtu mzima alitoa senti tano kila juma kwa ajili ya misioni. Mwaka 2022 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Askofu alitaka kufanya jambo kama hilo, lakini asiwapunguzie wamisionari sadaka za wakubwa. Basi atazipata wapi fedha nyingine?

Jibu alilolipata ndilo lililolifanya jina lake lidumu. Aliwageukia watoto. Aliona kwamba mtoto wa Mfaransa, hata maskini, aweza kumsaidia mtoto mwenziwe wa Uchina. Na kwamba msaada huo utamponya mmoja kwa chakula na mwingine kwa kumfundisha upendo.

Tarehe 19 Mei 1843 mjini Paris alilianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu. Sheria zake zilikuwa chache, hata mtoto wa miaka sita aliweza kuzishika. Kila mtoto atasema Salamu Maria moja kila siku kwa ajili ya watoto wa nchi zisizoamini. Kila mtoto atatoa senti tano kila mwezi. Watoto watagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kwa heshima ya miaka kumi na miwili ya utoto wa Yesu, na mmoja wao ataikusanya sadaka. Hata mtoto mchanga aliyebatizwa leo aweza kuandikwa, mama yake akimsalia na kumtolea.

Walimu wetu wa hesabu na wapige hesabu hii pamoja na wanafunzi wao. Senti tano kila mwezi ni senti 60 kwa mwaka. Watoto kumi na wawili hupata faranga 7 na senti 20. Ni fedha kidogo. Lakini makundi yalizidi kuwa mengi, yakavuka mipaka ya Ufaransa yakaingia Ubelgiji na nchi nyingine. Watu wa Sale waliozaliwa kando ya mifereji yao watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mfereji hujazwa na chemchemi ndogo ndogo. Hakuna chemchemi hata moja iwezayo kujivuna kwamba ndiyo iliyolinywesha shamba. Na maji yakishafika, wazee huyagawa kwa zamu ili shamba la mjane lisikauke. Hivyo ndivyo askofu alivyotaka: sadaka zote zikusanywe pamoja, kisha wasimamizi wazigawe kwa misioni kwa kadiri ya shida yake.

Alizunguka na kuhubiri shauri hilo kwa nguvu zilizobaki. Nguvu zikaisha upesi. Tarehe 11 Julai 1844, mwaka mmoja na siku hamsini na tatu baada ya kulianzisha shirika, akafa karibu na Marseille, nyumbani kwa jamaa zake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Nancy hakurudi, Uchina hakwenda, na shirika lake lilikuwa bado mche mchanga ambao jua lingeweza kuukausha.

Mche unakua

Haukukauka. Mwaka 1856 Papa Pius IX alilithibitisha shirika hilo kwa Kanisa zima. Tarehe 12 Januari 1882 liliandika jina la msichana mmoja wa Lisieux mwenye umri wa miaka tisa, Thérèse Martin, ambaye sasa twamwita Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni. Mwaka 1922 Papa Pius XI alilifanya kuwa shirika la Kipapa, na mwaka 1950 Papa Pius XII akaliwekea siku yake ya kila mwaka, ambayo katika nchi nyingi husherehekewa katika Sikukuu ya Tokeo la Bwana.

Lakini kwetu Afrika ya Mashariki habari iliyo karibu zaidi ni ile ya Unguja na Bagamoyo. Mwaka 1860 Padre Fava na wenzake, pamoja na masista, walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi hiyo wakapewa Mapadre wa Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner. Walikuta soko la watumwa ambalo kila siku watoto waliuzwa humo, wengine wamechoka kwa njia hata hawawezi kusimama. Mapadre wakaanza kuwakomboa kwa fedha, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika Shirika la Utoto Mtakatifu. Watoto wengine waliletwa baadaye na Waingereza, waliowatoa katika majahazi ya wafanya biashara wa watumwa waliokamatwa baharini.

Unguja pakawa padogo. Mwaka 1868 mapadre wakavuka bahari wakajenga Bagamoyo. Hapo watoto walifundishwa sala na kusoma, wakalima, wakapanda minazi, wakajifunza useremala na uhunzi. Wasichana walilelewa na masista. Walipokuwa wakubwa walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha watu waliokombolewa. Maisha hayo hayakuwa mepesi. Wengi walifika wagonjwa wakafa, na maombolezo yalikuwa ya kila juma. Sheria zilikuwa kali, na wengine walitoroka. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliyabomoa majengo karibu yote. Yakajengwa tena. Mwaka 1877 mapadre waliokwenda kuanza misioni ya Mhonda, bara, walifuatana na Wakristo waliolelewa Bagamoyo. Hivyo wale walionunuliwa sokoni kama mbuzi ndio waliokuwa mawe ya kwanza ya Kanisa la bara.

Swali lililo gumu

Yafaa sasa kusema juu ya neno lililosumbua watu wakati ule, nalo hutusumbua hata leo. Wako waliowalaumu wamisionari wakisema kwamba kumlipa mfanya biashara wa watumwa ni kumnenepesha, naye atakwenda kuteka watoto wengine. Lawama hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Fedha za ukombozi ziliwafungua watoto waliokuwapo mbele ya macho, lakini hazikuliondoa soko. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Kwa hiyo kazi mbili zilihitajiwa pamoja: moja ya kumshika mkono mtoto anayelia leo, na moja ya kuondoa sababu ya kilio. Mtu asimtumie mmoja kumdharau mwenziwe. Aliyengoja sheria peke yake angaliwaacha watoto wale wafe. Na aliyekomboa bila kuitaka sheria angalikomboa milele.

Tena kulikuwa na hatari ya pili. Miaka ya baadaye, katika nchi nyingine za ng'ambo, watoto waliotoa sadaka waliruhusiwa kuchagua jina la ubatizo la mtoto waliyemsaidia, na wengine wakasema kwamba wamemnunua mtoto wa kipagani. Maneno hayo yalitoka katika mioyo isiyo na hila, lakini yalikosa adabu. Mtoto hanunuliwi kwa sadaka. Ana mama aliyemzaa, ana ukoo na jina, na mwenye kumsaidia hapati haki ya kummiliki.

Mambo haya yatuhusu sisi sana. Katika nchi yetu ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini sare, daftari, viatu na dawa bado huwashinda wazazi wengi, hasa mwaka wa ukame mifugo inapokufa. Kwa hiyo wako watoto wanaosaidiwa na wafadhili wa mbali kwa njia ya mashirika ya Kikristo. Mtoto mmoja huwa na mfadhili wake, nao huandikiana barua. Ni jambo jema, na wenye kulifanya tuwashukuru. Lakini walimu na wazee wa parokia wauangalie moyo wa mtoto. Asione haya mbele ya wenziwe kwa sababu ya ufukara wa baba yake. Asifundishwe kuandika barua ya kujidhalilisha ili apate zaidi. Na ndugu yake asiyeandikwa asilale njaa huku yeye akivaa viatu vipya.

Dawa ya hayo yote ni ile aliyoiona askofu yule asiye na jimbo. Hakuwagawa watoto wa dunia kuwa wenye kutoa na wenye kupokea. Mtoto maskini wa Paris alitoa. Na mtoto aliyesaidiwa, akipata nguvu, naye atatoa. Ndiyo maana mtoto wa Sale aletaye yai lake mbele ya altare hafanyi mchezo. Anafanya kazi ile ile iliyowakomboa watoto wa Bagamoyo, na amesimama mahali pa wale waliowatolea senti zao, ambao majina yao hatuyajui.

Basi, ninyi wazazi, msiwakataze watoto kutoa kwa kuwa kilichomo nyumbani ni kidogo. Nanyi walimu, andikeni majina yao, wagaweni kumi na wawili kumi na wawili kama ilivyoamriwa mwanzo, na kila mwezi wasomeeni hesabu ya sadaka yao na mahali ilipokwenda, ili wazoee tangu udogo uaminifu wa mali ya watu wote. Monsinyori Charles de Forbin-Janson alikufa akidhani labda ameshindwa katika mengi. Sisi tulio mbali na Nancy na mbali na Uchina tu mashahidi kwamba hakushindwa. Tumwombee, na Mungu awabariki watoto wote wa parokia zetu, wanaotoa na wanaopokea.